Mama wa upawa, leo umenivunjia heshima mbele ya shemeji yangu (uzi wa hasira, wenye roho nyepesi pita mbali)

Kipara Ngoto

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka na pua bado inachuruzika.

Simtaji. Mnamjua. Kama umewahi kunywa supu ya mbavu za mdudu huku Kimara, basi umeshakalia lile benchi lake lenye mguu mmoja uliotegwa na tofali. Hata huyo mnyama mwenyewe hatumtaji jina, tunazunguka tu, mara kitimoto, mara mdudu, mara mbuzi katoliki. Sembuse mimi nimtaje mama wa watu.

Saa mbili asubuhi nimempeleka shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kaingia jana kutoka Moshi. Mtu wa Moshi kwenye mambo ya mdudu humdanganyi, kazaliwa anamkuta bandani. Sasa mimi kwa kiherehere changu nimejisifu njia nzima. Shem, leo unakunywa supu hadi usahau kwenu. Shem, huyu mama ana mkono. Shem, hapa mimi ni mwenyeji, nikifika wananijua.

Wananijua kweli.

Tumeagiza bakuli mbili, 4,000 kila moja. Langu limekuja, nikainama kulitazama, nikaliona ua. Lile ua jekundu lililochorwa chini kabisa kwenye bakuli la bati. Wadau, supu ya mbavu iliyokaa jikoni tangu usiku wa manane inatakiwa ikupake midomo, ukinyamaza dakika mbili iwe inakushonea mdomo. Ile ya kwangu ungeitandaza juu ya gazeti ukasoma mpaka matangazo madogo. Na huo ubavu sasa! Ule mfupa ungekuwa na kitambulisho cha taifa ungekuta umezaliwa kabla ya 1964, umeuona Muungano kwa macho yake. Nyama imebaki kwenye gegedu tu, kwa ncha, kama rangi ya kucha iliyoanza kubanduka.

Ila pilipili manga hakubania. Ile anaitwanga mwenyewe kwenye kinu kidogo pale pembeni ya jiko, chenga chenga, unaziona zinaelea. Kijiko cha kwanza masikio yakaziba. Cha pili nikamkumbuka kila mtu ninayemdai. Chafya saba, mfululizo, hadi kijana wa meza ya pili akainua chapati yake juu kuinusuru. Na sisemi uongo, hiyo ndiyo raha yenyewe iliyonipeleka. Ukikamulia ndimu, ukachovya na pilipili kichaa mbichi pembeni, jasho linatoka kwenye kipara linashuka mpaka kwenye kola, uchovu wote wa wiki unakwisha.

Sasa niambieni, supu ikikuwakia dawa yake nini? Si mchuzi? Nchi hii kila mnywa supu anajua, nyama unalipia, mchuzi unaongezewa. Haijaandikwa ukutani, lakini ndivyo ilivyo. Nikanyoosha bakuli, kistaarabu kabisa, kwa mikono miwili kama naenda kupokea mahari: "Mama, naomba niongezee kidogo."

Yule mama akausimamisha upawa hewani. Unadondosha. Tone, tone, tone. Akaliangalia bakuli. Akaniangalia mimi. Akarudi kwenye bakuli. Halafu kwa ile sauti ya kuitia watoto jua likizama:

"WEWE KAKA, HUU SI MSIBA!"

Huu si msiba!! Mimi! Mtu mzima, nina watoto watatu na kiwanja Goba!

Kibanda kizima kimelipuka. Vijana wa bajaji wamegonga meza. Kuna mzee alikuwa ananyonya mfupa, kimya, wa heshima zake, kakohoa mpaka wakampiga mgongo. Na shemeji, shemeji niliyemnunulia mimi hiyo supu kwa pesa yangu, kacheka machozi yakamtoka, eti anasingizia pilipili.

Haijaisha. Yule mama baada ya kunizika akageukia upande wa shemeji, upawa ule ule, akamjazia bakuli hadi ukingoni bila kuombwa, tena na kipande cha ubavu juu, chenye nyama: "Ongeza baba, umetoka mbali." Kwangu mimi upawa umekauka hewani! Kwake umepata mvua!

Nimefika nyumbani mke kanifungulia mlango, kaniangalia, kasema, "Pole na msiba." Shemeji alishapiga simu tukiwa njiani.

Naomba tumgomee wote. Wiki moja tu. Huu si msiba. Huu si msiba! Nitamwonyesha.

Kausha Damu

Nimecheka nikiwa kwenye kikao, bosi kaniuliza nini, nikamwambia nimefiwa.

binti_msafi

Pole kaka. Ila "mikono miwili kama naenda kupokea mahari" hapo umejimaliza mwenyewe. Mchuzi unaombwa kwa kuinua nyusi tu.

Ngosha Mtaratibu

Bila picha ya hilo bakuli sisi tutajuaje? Hii naiona chai, uongo mtupu.

Kipara Ngoto

Mkuu Ngosha, mtu kanitukana mbele ya shemeji ningetoa simu nipige picha? Hebu kuwa na utu. Kasema HUU SI MSIBA. Upawa hewani!

Jirani Mwema

Wakuu samahani, sikutaka kuandika humu. Mimi ni yule wa meza ya pili, mwenye chapati.

Mleta uzi kasahau vitu viwili. Moja, ile haikuwa nyongeza ya kwanza. Ilikuwa ya nne. Ya kwanza kapewa, ya pili kapewa, ya tatu mama kapumua kwanza ndipo akampa. Ubavu ule haukuja mtupu, ulinyonywa ukabaki hivyo, na mchuzi ulikuwa mwepesi kwa sababu kila akiongezewa anakamulia ndimu nyingine nzima. Mbili, alikuja na chapati zake kwenye mfuko wa rambo. Nne. Alikuwa anazitoa moja moja chini ya meza kama anahesabu pesa.

Chafya saba ni kweli. Moja ilinipata.

Kausha Damu

Chapati kwenye rambo 😂😂😂 Mama amevumilia sana. Mimi ningekuuliza kaburi linachimbwa wapi nilete na turubai.

binti_msafi

Mleta uzi njoo huku ujibu hoja za chapati.

Kipara Ngoto

Sikatai chapati. Zake ni 700, nyembamba unapitisha mwanga. Dada wa kona pale anauza 400, nzito, ina matabaka. Mtu mwenye akili atafanyaje? Na hiyo nne ni uongo, ilikuwa ya tatu. Halafu mnahama kwenye mada. Mada ni msiba.

Mpemba Asilia

Mie kwenye hilo bakuli lenu simo, Mungu anisitiri. Lakini kwa machungu ya upawa nakufahamu, ndugu yangu. Nilikaa Forodhani, supu ya pweza, kikombe cha kwanza, cha pili, namwambia bwana wee nipe cha tatu, na pesa mkononi, silipiwi na mtu. Akanitazama toka juu hadi chini akasema, "Una wake wangapi wewe?" Watalii walikuwa hawajui Kiswahili, wakatafsiriwa.

Kausha Damu

Sasa ulikuwa nao wangapi?

Mpemba Asilia

Hata mmoja. Ndiyo ikauma.

Baharia wa Zamani

Vijana mnalalamika kwa sababu hamjatembea. Nimefanya kazi melini, tumefunga gati Singapore mara kadhaa. Kule kuna supu ya mbavu za huyo huyo, inaitwa bak kut teh, maana yake kwa lugha yao chai ya mifupa ya nyama. Ndani hakuna hata jani moja la chai. Chai wanaileta pembeni, vikombe vidogo kama vya kahawa ya mtaani kwetu, kukata mafuta. Supu yenyewe haina rangi, lakini ina pilipili manga nyeupe mpaka koo linapata moto, na vitunguu saumu vinazamishwa vizima na maganda yake, vinaiva vinakuwa laini, unavibonyeza kwa ulimi. Wanakula na wali, au vijiti vya unga vilivyokaangwa, kama ndugu wa maandazi ila virefu, unachovya. Nyama wanaichovya kwenye soya nzito yenye pilipili nyekundu. Na wengi wanaila asubuhi, kama sisi tu. Zamani ilihusishwa sana na wachukuzi wa bandarini.

Sasa sikiliza wewe wa msiba. Mhudumu anapita na birika la mchuzi meza kwa meza, akikuta bakuli limepungua anajaza. Bure. Hujaomba. Nilijaziwa mara tano na hakuna aliyeniuliza nimefiwa na nani.

Ukivuka kwenda Malaysia, pale Klang, inakuwa nyeusi na ina mizizi na magome ya dawa, ladha nyingine kabisa. Wenyewe wanabishana kila siku ipi ndiyo yenyewe.

Ngosha Mtaratibu

Chai ya mifupa. Na hii nayo ni chai, tena imewekwa tangawizi.

Baharia wa Zamani

Kijana, mimi nimezunguka dunia, wewe umezunguka Kirumba tu, hapo Mwanza.

Ngosha Mtaratibu

Hiyo pilipili manga nyeupe ni mti gani? Acheni kutuongopea.

Mama wa Viungo Muheza

Mti ni ule ule, baba. Punje zikiiva unaziloweka siku kadhaa, ganda linaoza, unalisugua linatoka, unaanika. Inabaki nyeupe. Nyeusi inaanikwa na ganda lake. Huku kwetu tunayo, anayetaka kilo aje sanduku la ujumbe.

Kipara Ngoto

MNAONA? Singapore wanaongezewa na BIRIKA! Bila kuomba! Mimi nimeomba kwa mikono miwili!

Jirani Mwema

Kule walikuja na chapati kwenye rambo?

Daktari wa Mifugo Wilayani

Naomba niingize la maana kidogo. Mnalalamikia mchuzi, hakuna aliyeuliza kama nyama imekaguliwa na imeiva. Homa ya nguruwe haimpati binadamu, hilo msiogope. Tatizo letu ni tegu. Ukikuta nyama ina vijipunje vyeupe kama mchele, usile, na isiyoiva ni hivyo hivyo, unapata mnyoo tumboni. Kisha mwenye mnyoo asiponawa mikono baada ya choo, mayai yake yanawaingia wengine, yanaanguliwa, na watoto wa mnyoo wakifika kwenye ubongo wanaweza kuleta kifafa. Kwa hiyo supu iliyochemka usiku kucha ni salama kuliko ile ya kukaanga haraka haraka mnayoikimbilia jioni.

Kausha Damu

Daktari tulikuwa tunafurahi.

binti_msafi

Kwa kuwa leo ni siku ya machungu, na mimi nina langu. Fundi cherehani wangu. Wa hapo hapo, mnamjua, mwenye futi shingoni na redio ya betri. Nimempa kitenge mwezi wa tatu, sendoff ya dada yangu mwezi wa tano. Kila nikipita, "Njoo kesho dada, imebaki vifungo." Gauni halina vifungo! Ni la zipu! Jana nimepita nikamkuta mke wake kavaa kilemba cha kitenge changu.

Kausha Damu

Huyo ana suruali yangu tangu Krismasi. Nilivyopeleka kiuno kilikuwa 34. Sasa hivi hata akinipa haitaingia.

Mpemba Asilia

Kilemba! Subhanallah.

Mama wa Viungo Muheza

Binti, alikuambia kitenge kimebaki kiasi gani? Mafundi wanakata mita sita wanasema imetumika yote. Dai vipande.

Kipara Ngoto

Wakuu nakumbusha uzi huu ni wangu. Upawa ulikaa hewani. Matone matatu.

binti_msafi

Nimedai vipande kaniletea kimoja, kimeshonewa kifuniko cha redio.

Jirani Mwema

Mleta uzi, samahani, kesho mama anafungua saa ngapi? Nina wageni.

Kipara Ngoto

Saa kumi na mbili. Ila fika mapema, ikigonga saa moja na nusu mbavu zenye nyama zimeisha unabaki na shingo. Kaa benchi la ndani, la nje lina tofali.

Kausha Damu

Si tulikuwa tunagoma wiki moja?

Ngosha Mtaratibu

Dada, hicho kilemba kina maua ya njano na mistari ya bluu? Kama ni hicho, mke wa fundi nimemwona nacho kanisani Jumapili.

binti_msafi

NDIYO HICHO. Kanisa gani?