Mjadala: Msichana wa miaka 16 apewe njia ya kupanga uzazi bila mzazi kujua?

Nyar Manyatta
Baraza letu hapa Manyatta, Kisumu, lilivunjika kwa swali hili. Msichana wa miaka 16 ameingia zahanati kutaka sindano ya miezi mitatu au kijiti. Muuguzi ampe, au amwambie akamlete mama? Mimi nasema ampe. Akimfukuza leo, atampokea tena kliniki ya wajawazito. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta 15% ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba. Hao wote mama zao walikuwa wapi?

Baba Wanne, Njoro
Mama zao walikuwa shambani wakitafuta karo. Binti yangu akipelekwa na shule kuona flamingo Ziwa Nakuru, lazima nitie sahihi. Halafu atiwe kijiti cha miaka mitatu mkononi, mimi nisiambiwe? Akitokwa damu wiki mbili, muuguzi ndiye atakesha naye? Ninyi wa ziwani mmeshazoea, mabinti wenu wanakulia kwenye jaboya, ngono kwa samaki. Huku kwetu bado tunalea.

Ja-Dunga
Baba Wanne, hilo la jaboya ulifute. Mama yangu ameuza samaki maisha yake yote na ndiye aliyenisomesha. Mwanamke anaingizwa kwenye jaboya kwa sababu boti ni ya mwanamume na samaki ni wachache. Kule ufuo wa Nduru, Kisumu, wanawake walipopata boti zao wenyewe, walianza kupanga bei wao. Na ukitaka hesabu ya mimba za wasichana hao, Homa Bay ilikuwa 33% mwaka 2014, ikashuka hadi 23% mwaka 2022. Samburu ni 50%. Pokot Magharibi 36%. Huko nako ni jaboya?

Baba Wanne, Njoro
Sijamtukana mama ya mtu. Hao wa Samburu na Pokot wanaozwa mapema, ni mila. Angalau mtoto ana baba anayejulikana.

Binti wa Kapenguria
Anaozwa na nani? Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema miaka 18, hata kwa ndoa ya kimila. Mimi nimetoka huko unakokutaja. Darasa letu la nane lilianza na wasichana wengi, likaisha na wachache, na hao walioondoka hakuna aliyeulizwa. Usiniambie kuhusu baba anayejulikana.

Mwanakwaya, Kakamega
Poleni kuingilia, lakini mnazungumza kama watu wasiokumbuka 2014. Ile chanjo ya pepopunda ya wanawake, si maaskofu walipeleka chupa maabara zikakutwa na homoni ya ujauzito, ya kuwafanya wanawake wasishike mimba? Baada ya hapo sindano gani tuiamini?

Muuguzi Mstaafu, Vihiga
Maaskofu Wakatoliki walidai hivyo, ndiyo. Wizara ya Afya, WHO na UNICEF walikanusha. Mimi nimechanja wajawazito pepopunda miaka mingi kabla ya zogo hilo, nao walirudi kliniki na mimba ya pili na ya tatu. Mwanakwaya, umewahi kuona kichanga chenye pepopunda ya kitovu? Anakakamaa, hawezi kunyonya, ukimgusa tu anajikunja. Sitanyamaza mtu akiwatisha akina mama na jambo hili.

Mwanakwaya, Kakamega
Sijamtisha mtu. Nimeuliza.

Muuguzi Mstaafu, Vihiga
Haya. Na suala la idhini, wasichana hawangoji uamuzi wenu. Wanaenda kemisti kununua P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, hakuna anayewauliza umri wala mzazi. Wengine wanaimeza kila wiki kana kwamba ni njia ya kawaida, na haiwakingi na HIV hata kidogo. Zahanatini angepata mtu wa kumweleza. Tena tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, wenzangu walio kazini wananiambia kuna miezi kijiti hakipo, na hata mama wa watoto watano aliyekuja na mumewe anarudi mikono mitupu.

Nyar Manyatta
Asante, mama. Ndiyo maana nilisema ampe.

Binti wa Kapenguria
Nami nasema ampe, ila kuna mtu hamjamtaja tangu mwanzo. Msichana wa 16 hajipi mimba. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema aliyemnajisi msichana wa miaka 16 au 17 afungwe si chini ya miaka 15. Nani hapa amemwona akifungwa? Wazee wanaketi, mbuzi wawili wanatolewa, chifu anashuhudia.

Baba Wanne, Njoro
Kwa hilo niko nawe. Aliyemharibia masomo mtoto wa jirani yangu anabeba abiria wa boda boda hadi leo, wazazi walipewa pesa wakanyamaza. Inaniuma.

Binti wa Kapenguria
Basi nenda kaandikishe kituo cha polisi. Hiyo ni jinai, pesa walizopokea wazazi haziifuti.

Baba Wanne, Njoro
Ni jirani yangu. Tunachota maji kisima kimoja.

Binti wa Kapenguria
Na mtoto wake anachota hapo hapo, mimba ikionekana.