Tupeane uzoefu: Pikapu yako ilichemshia wapi, na hatimaye ugonjwa ulikuwa nini?

Mkwea Kitonga

Wakuu, habari za kazi. Nina Hilux ya injini 3L, kebini moja, mwaka wa 7 huu inanilisha. Napakia vitunguu Ruaha Mbuyuni napeleka Iringa mjini. Anayeijua njia hiyo anajua hakuna kukwepa, lazima uupande mlima wa Kitonga, na huko ndiko gari langu lilikoanzia kuugua.

Bondeni mshale wa joto la injini ulikuwa unakaa chini kidogo ya nusu, hata nikitembea 90. Nikianza mlima, nikinasa nyuma ya semi, gia ya pili, haipiti kona ya nne mshale umeanza kutambaa. Nikiweka pembeni injini ikiwa inaunguruma, haushuki. Fundi wa kwanza akasema wota pampu, ile ya kuzungusha maji ya injini, tukabadilisha. Wa pili akasema thamostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto, akaing'oa na kuitupa, eti nchi ya joto haina kazi. Wa tatu akasema rejeta, kile kipoza maji cha mbele, nikanunua ya mtumba. Gari likachemsha vilevile na palepale, na mimi nilikuwa nimeshauza mbuzi wanne.

Aliyenitoa ni dereva mmoja mzee wa lori. Tulikuwa tumeegesha pamoja pembeni, mimi nasubiri lipoe. Hakushika spana. Aliniuliza swali moja tu: "Linachemsha likiwa mbio au likiwa linajikongoja?" Nikamweleza. Akahakikisha injini imezimwa, akasukuma panga la feni kwa kidole. Likazunguka kama pia, mara nne, mara tano, bila kugoma. "Mwanangu, klachi ya feni imekufa hii. Injini ikiwa ya moto hivi ilitakiwa ikatae mkono." Nikachungulia. Uso wa ile klachi ulikuwa na ukoko mweusi, mafuta yaliyoshikana na vumbi.

Ndani yake kuna mafuta mazito ya silikoni. Joto la rejeta likiipiga, mafuta yale yanaikamata feni izunguke kwa nguvu. Yakishavuja, feni inazunguka kivivu. Barabara ikiwa wazi huwezi kujua, maana upepo wa mwendo unapoza rejeta wenyewe. Mlimani kwenye spidi 20 upepo pekee ni wa feni.

Nimeweka klachi nyingine na hali ni nzuri mno, ila nikikaribia kileleni mshale bado unanyanyuka kidogo. Ndiyo maana nafungua uzi huu. Leteni visa vyenu, lakini tajeni gari lilichemsha *wakati gani*. Fundi wote watatu hawakuniuliza hilo.

Ngano Narok

Salamu kutoka Narok. Yangu ni D-Max. Ilikuwa inapoteza maji na chini hakuna hata tone. Nikitoka Mai Mahiu kupanda kwenda Limuru, chupa ya akiba inafurika na kumwaga, halafu asubuhi nakuta rejeta imepungua na mpira wa juu umefyonzwa, umebonyea bapa. Makanika wawili walishasema gasketi ya hedi, ile inayoziba chini ya kichwa cha injini, mmoja akataka tufungue injini siku hiyo hiyo.

Ilikuwa mfuniko wa rejeta. Mpira wake wa ndani umekauka na kupasuka kama kisigino wakati wa kiangazi.

Watu huuchukulia kama kifuniko cha sufuria, ilhali una kazi mbili. Ya kwanza ni kubana presha. Juu yake utaona namba, 0.9 au 1.1. Kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Ukiondoa presha, kule Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kwa hivyo sisi wa nyanda za juu ndio tunaouhitaji mfuniko kuliko mtu wa Mombasa. Kazi ya pili: injini ikipoa, kivalvu kidogo cha katikati kinafunguka ili maji yarudi kutoka kwenye chupa. Kikigoma, rejeta inavuta ombwe na mpira unabonyea. Nilinunua mpya kwa bei ya kuku. Angalieni tu namba ifanane na ya mwanzo.

Kuku Dodoma

Mimi si fundi, ila pikapu ni yangu na naendesha mwenyewe, napeleka chakula cha kuku. Kisa changu ni kinyume cha mwenye uzi. Mjini kwenye foleni lilikuwa salama kabisa. Nikishika njia ya Morogoro, nikafika 100, baada ya nusu saa mshale huo. Nikipunguza hadi 70 unarudi.

Fundi rejeta alinishika mkono akanipapasisha rejeta injini ikiwa imezimwa. Juu ilikuwa ya moto, katikati vuguvugu, chini upande wa kushoto baridi. Baridi kabisa, kama maji hayajawahi kufika. Akafungua tangi la juu. Wakuu, mnajua ule utando mweupe unaoshika ndani ya birika? Ndio huo, umejaa kwenye vijia, vingine huoni hata tundu.

Nilikuwa naongeza maji ya kisima kila asubuhi, na visima vya huku kwetu vingi vina chumvi. Miaka mitatu nilikuwa najenga ukuta ndani ya rejeta yangu kwa mkono wangu. Roho iliniuma sana.

Ilikuwa rejeta ya shaba, kwa hiyo aliweza kuyeyusha risasi, akazibua vijia kimoja kimoja kwa ubapa wa chuma kisha akachomea upya. Zile za alumini zenye matangi ya plastiki alisema hazifanyiwi hivyo, unabadilisha. Sasa natumia kulanti, dawa ya kupozea injini, nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, na gari lina dumu lake la lita 5 ambalo hakuna anayeruhusiwa kunywea wala kunawia.

Kiteto

Fupi: kabla ya yote chunguza kati ya kondensa ya AC na rejeta. Langu tulitoa mbegu za majani na mabawa ya panzi, ndoo ndogo ikajaa. Kwa mbele ilionekana safi. Osha kwa maji ya presha ndogo ukitokea upande wa injini kwenda nje, ukitokea mbele unazidi kushindilia.

Fundi Mwanjelwa

Nawasoma tangu mwanzo na nimefurahi. Niongeze la kwangu, na hili linauma kwa sababu naliletewa gereji kila mara gari likiwa limeshavutwa kwa kamba.

Dereva anasema: "Fundi, mshale ulipanda, halafu ukashuka wenyewe, nikajua limepoa, nikaendelea." Halikupoa! Maji yaliisha. Kihisi kinapima maji, maji yakishuka chini yake kinabaki hewani na mshale unaanguka. Wakati huo ndipo hedi inapoungua. Mshale ukishuka ghafla bila wewe kupumzisha gari, zima pale pale, hata kama uko porini na usiku umeingia.

Hedi ikishapata moto inapinda. Tunaweka rula ya chuma juu yake na kupitisha fila, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, chini. Ikipinda kidogo inasagwa, ikipata ufa naomba usiniambie nichomelee, tafuta nyingine. Dalili za gasketi kuungua: asubuhi injini ya baridi, dakika mbili tu mpira wa juu umeshakuwa mgumu kama jiwe. Rejeta inatoa mapovu yasiyoisha. Mafuta ya injini yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Moshi mweupe wenye harufu tamu.

Mkwea Kitonga, wewe sasa. Rudisha thamostati. Ile uliyong'olewa, kama chini ilikuwa na kisahani cha pili, kazi yake ilikuwa kuziba njia ya mkato. Ikifunguka kwenda rejeta, kisahani kinafunga mkato. Bila hiyo, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta hata kidogo. Asubuhi injini inachelewa kupata joto na kula mafuta, mlimani inazidiwa. Kabla hujaifunga, ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni, isiguse chini. Imeandikwa 82? Basi karibu na hapo uione ikianza kuachama.

Na ukijaza maji toa hewa: pua ya gari iwe juu, hita wazi kwenye moto, mfuniko wazi, injini ianze ikiwa baridi, ongeza taratibu mpaka mpira wa juu upate moto na mapovu yaishe.

Mwanagati

Naomba msilipite hili. Mdogo wangu alifungua mfuniko wa rejeta gari likiwa linatokota. Alikunja tambara akadhani linatosha. Maji yalimpanda mkono mzima na shingo, alilala hospitali wiki mbili. Subirini nusu saa na zaidi, gusa mpira wa juu, ukibonyea laini ndipo ufungue. Na maji ya baridi msimwagie injini nje, wala kujaza kwa pupa. Chuma cha moto kinapasuka.

Mkwea Kitonga

Nimerudi na majibu. Fundi Mwanjelwa, ubarikiwe. Nilinunua thamostati Iringa, ina kile kisahani. Mke wangu alinipa sufuria kuukuu, nikakopa kipimajoto kwa mfugaji wa nyuki. Kwenye 80 imefunga, 83 mdomo umeanza, 95 imeachama yote. Nimeifunga, kile kivalvu chake kidogo cha kupitishia hewa kikiwa juu, nikatoa hewa kama ulivyosema, povu la mwisho lilichukua dakika 20.

Jana nimepanda na magunia 14, jua la saa nane, nyuma ya tangi la mafuta lililokuwa linatambaa kuliko mimi. Nilikuwa natazama mshale kuliko barabara, Mungu anisamehe. Ulifika nusu ukatulia hapo. Kileleni nikaegesha, nikaacha injini iungurume, nikasikia feni inavuma *vuuu* kisha ikalegea yenyewe, na mshale ukarudi mahali pake pa bondeni. Pikapu nyingine ilikuwa pembeni imefungua boneti, kijana amesimama na chupa ya maji mkononi. Nimemzuia asifungue, tumekaa chini, na nimemuuliza lile swali. Kasema linachemsha likiwa mbio tu. Kuku Dodoma, yule ni mgonjwa wako, nimempa namba ya fundi rejeta wa hapa.