Dell OptiPlex 3020 kwa ajili ya magemu: nianze na kifaa kipi kwa shilingi 350,000?

Mdau wa Nyakato

Habari za jioni, wakuu. Nina kompyuta ya mezani aina ya Dell OptiPlex 3020, ile ndefu ya kusimama, niliyoinunua kutoka kwa mtu aliyekuwa akifunga ofisi yake hapa Mwanza. Ina prosesa ya Core i5-4570, RAM ya GB 4 katika kijiti kimoja na diski ngumu ya GB 500, lakini haina kadi ya michoro, kwa hiyo picha inatoka kwenye prosesa yenyewe. Monita yangu ni ya zamani, ya 1600 kwa 900, na nyuma ina tundu la VGA peke yake. Nataka kucheza GTA V na PES 2021 bila picha kukwamakwama. Kwa sasa GTA V inafunguka baada ya dakika nyingi, na nikiendesha gari kwa kasi, nyumba na barabara huchelewa kutokea mbele yangu.

Nina shilingi 350,000 nilizoziweka kidogokidogo tangu mwaka uanze, na nikikosea sina nyingine. Duka moja limenitajia kadi ya michoro ya GTX 1050 Ti kwa 120,000, tena ina tundu la VGA, kwa hiyo waya wa monita yangu unaingia moja kwa moja. Duka la pili lina kadi ya jina hilohilo, iliyotumika, kwa 220,000, lakini haina VGA. Naona ile ya kwanza inanifaa kwa bei na kwa monita, na chenji itakayobaki naweza kutafutia prosesa ya i7. Nipo sahihi?

Fundi Ilala

Ndugu, tafadhali usiinunue hiyo kadi ya 120,000 kabla hujasoma maelezo haya hadi mwisho, kwa sababu hilo tundu la VGA unaloliona kuwa faida ndilo linalonitia shaka.

Kadi za NVIDIA za kizazi cha GTX 10, kilichoanza kutoka mwaka 2016, ziliacha kabisa kutoa picha kwa njia ya VGA. Chipu ya 1050 Ti hutoa picha kwa HDMI, DisplayPort au DVI ya kidijitali tu. Ukikuta kadi yenye jina hilo na tundu la buluu la VGA, kwa kawaida ni kadi ya zamani, mfano GTS 450 ya mwaka 2010 au GTX 550 Ti ya mwaka 2011, ambayo programu yake ya ndani imebadilishwa ili Windows isome jina jipya. Ukifungua mahali pa kuangalia vifaa utaona imeandikwa 1050 Ti, na muuzaji mwenyewe anaweza kuwa anaamini hivyo kwa moyo mweupe, kwa kuwa naye aliletewa ikiwa ndani ya boksi zuri. Utakuja kugundua siku gemu litakapokataa kufunguka, au kompyuta itakapozima kioo katikati ya mechi.

Weka programu ya GPU-Z, inayosoma chipu halisi ya kadi, kwenye flashi, ni ndogo na haina malipo, kisha mwombe muuzaji achomeke kadi kwenye mashine yake uifungue hapohapo dukani. Kadi halali itaonyesha chipu ya GP107 na vitengo 768 vya kuchakata. Matoleo ya karibuni ya GPU-Z huandika kabisa neno FAKE mbele ya jina la kadi iliyoghushiwa. Muuzaji akikataa kadi isijaribiwe, ondoka.

Kuhusu i7, achana nayo. Prosesa uliyonayo ina kori nne zinazofika GHz 3.6, na watengenezaji wa GTA V walipendekeza i5-3470, ambayo ni ya kizazi kilichotangulia chako. Kinachokuumiza ni kukosa kadi, RAM kuwa ndogo, na hiyo diski. Nyumba zinazochelewa kutokea zinatokana na sindano ya diski kuhangaika huku na huko kutafuta vipande vya ramani, wakati diski ya aina ya SSD haina kitu cha kuzunguka na hutoa data hiyo mara moja. Kwa hiyo nunua ile kadi ya pili endapo itafaulu jaribio, ongeza kijiti cha RAM ya DDR3 ya kompyuta ya mezani (si kile kifupi cha laptop) cha GB 8, na SSD ya GB 240. Mashine yako ina sloti mbili tu za RAM, kwa hiyo usinunue cha GB 4 leo ukajikuta unakitoa kesho. Monita utaiunganisha kwa kibadilishi cha HDMI kwenda VGA, ambacho ni kifaa kidogo cha bei nafuu.

Jambo la mwisho, angalia ubavu wa kadi. Ziko 1050 Ti zinazohitaji waya wa ziada wa pini sita kutoka kwenye pawa saplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), na pawa saplai ya Dell yako, ya wati 290, haina waya huo. Chukua isiyo na tundu hilo, itakula umeme wake wote kupitia sloti inamochomekwa kwenye bodi, ambayo hutoa hadi wati 75.

Kijana wa Kisauni

Asante Fundi kwa maelezo. Mimi ningemshauri ndugu yetu afikirie pia kununua pawa saplai ya wati 500 na RX 580, kwa sababu ni kadi yenye nguvu zaidi, na kwa monita yoyote atakayonunua baadaye itamfaa. Ila apime kasha kwanza. Mimi nina OptiPlex ile nyembamba ya kulala, na nilinunua kadi ya urefu wa kawaida bila kupima. Nilipofika nyumbani, kile kibati cha nyuma kilizidi kimo cha kasha kwa vidole viwili, na kifuniko hakikufunga. Wenye mashine nyembamba watafute kadi fupi zenye kibati chake kifupi.

Fundi Ilala

Kuhusu kupima kasha nakuunga mkono kabisa, kaka. Kwa RX 580 naomba tutofautiane. Pawa saplai za kawaida zina kiunganishi cha pini 24, ilhali bodi ya 3020 inapokea pini 8 za mpangilio wa Dell wenyewe, kwa hiyo atahitaji waya wa kubadilishia, pawa saplai mpya na kadi inayokula takriban wati 185. Kwa 350,000 atalazimika kununua pawa saplai ya bei ya chini, na hizo ndizo zilizoandikwa wati 500 huku ndani zikiwa nyepesi kama boksi tupu. Pawa saplai mbovu ikifa inaweza kuondoka na bodi. Tena kwa monita ya 1600 kwa 900, nguvu nyingi ya RX 580 ingekaa bure.

Mdau wa Nyakato

Nimerudi na majibu, wakuu. Nilikwenda na flashi katika duka la kwanza, na yule kaka alikubali tujaribu. GPU-Z iliandika FAKE pembeni ya jina, na kwenye chipu ikasoma GF116, chipu ya zile kadi za zamani. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwachie programu hiyo akague zilizobaki kwenye kabati. Nikamwachia.

Duka la pili kadi ilisoma GP107 na 768. Hesabu imekuwa hivi: kadi 220,000, RAM 35,000, SSD 65,000 na kibadilishi 15,000, jumla 335,000. PES 2021 sasa inateleza, na GTA V nimeiweka kwenye picha za kiwango cha juu kidogo bila shida. Mwanzoni kioo kilibaki cheusi kwa sababu nilikuwa nimechomeka waya kwenye tundu la bodi badala ya la kadi.

Limebaki moja. Nikicheza kama nusu saa, feni inavuma kwa nguvu na prosesa inafika nyuzi 94, kisha gemu linaanza kuwa zito. Je, kadi imeizidi mashine?

Fundi Ilala

Hongera, na umefanya vyema kumwachia yule kaka programu. Kadi haina kosa, na prosesa inapunguza kasi yake ili isiungue. Zima, chomoa waya wa umeme, ufungue ubavu na utazame katikati ya mapezi ya hitisinki, kile chuma kinachopoza prosesa, chini ya feni. Kompyuta ya ofisi ya umri huo mara nyingi huwa na vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi, na hewa haipiti kabisa. Lipulize na kulisugua kwa brashi laini huku ukiizuia feni kwa kidole isizunguke. Kisha legeza hitisinki, futa ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, upake mpya kiasi cha punje ya dengu.

Vilevile, kama unatumia Windows 10, Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi prosesa yako. Shughuli za benki na nywila zako zifanyie kwenye simu, mashine hiyo ibaki ya magemu.

Mdau wa Nyakato

Lilikuwepo blanketi kweli, limetoka zima. Nimecheza saa moja na nusu jioni hii, prosesa imesimama kwenye nyuzi 71.