Mrejesho: «hichvaqt» na kitenzi kikanushi katika Kiajemi

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini sentensi yangu ya Kiajemi, «man hichvaqt chāy mikhoram», niliyokusudia iwe na maana ya «sinywi chai kamwe», ilisahihishwa. Nawashukuru nyote, hasa aliyenishauri nilitazame neno «hichvaqt» kama «kamwe» letu, ambalo nalo hudai kitenzi kikanushi. Tangu hapo naandika «nemikhoram» (sinywi) badala ya «mikhoram» (nanywa) bila kusita, na «hargez», neno jingine lenye maana ya «kamwe», nalo limenikaa vyema kwa kanuni ileile. Ushauri wa kukariri vielezi vyote kwa mkupuo mmoja haukunifaa, kwani uliniponza kwenye «be nodrat», yaani kwa nadra, nikakanusha kitenzi ambacho hubaki yakinishi: «be nodrat chāy mikhoram». Hapo bado nateleza ninapozungumza haraka.