Gari ya spoti bila spidi: raha au najidanganya?

Kibuyu_Tanga:
Wakuu, shemeji kanisema wiki nzima. Ana Toyota Crown Athlete ya V6, 3500cc, nguvu za farasi 315. Mimi nina Mazda Roadster, kagari ka spoti ka viti viwili, zile za kwanza zilizoanza kutoka 1989, 1600cc. Farasi walikuwa 120 kiwandani. Sasa nadhani kadhaa wameshatoroka zizini. Kati ya Segera na Chalinze alinipita huku anapiga honi. Akaiita kibajaji.

Jumamosi tukapanda Lushoto harusini. Kutoka Mombo ni kilomita kama 33, kona juu ya kona, mlima huku, korongo kule. Nilicheza na gia ya pili na ya tatu tu. Nakanyaga mpaka mwisho, injini inalia, nikitupia jicho mshale uko 50! Kokoto zikimwagika kwenye kona nazisikia kwenye usukani kabla sijaziona. Nilifika Soni shati limelowa jasho, nacheka peke yangu. Wakati wa kushuka, breki za Crown zilinuka mpaka tukasimama.

Sasa nauliza: bila mbio gari ya spoti haina raha?

Fundi_Mwarobaini:
Crown inazidi tani moja na nusu, yako haifiki hata moja. Injini yako imekaa nyuma ya ekseli ya mbele, tairi za nyuma zinasukuma. Raha iko hapo. Ila usiwasikilize wa tairi pana! Kuna kijana nilimfungia za upana wa 205, baada ya mwezi karudi analalamika gari imepooza. Nikamrudishia 185/60 R14, zilezile za kiwandani.

BintiSaida:
Mimi nabisha. Mume wangu anako kagari ka hivyo. Mlima Kitonga tulikaa nyuma ya semi mbili, akachomoka kuovateki, gari haiendi, mbele basi linakuja. Akarudi nyuma ya semi. Nilishika mlango mpaka kucha ikavunjika. Kona ni tamu, sawa, lakini nguvu siyo ya kujionyesha tu.

Kibuyu_Tanga:
Dada hapo umenishika. Nyuma ya semi mimi nanyenyekea, nakula moshi wangu taratibu.

Tochi_Haina_Undugu:
Farasi 315 awapeleke wapi huyo shemeji? Kila kijiji kibao cha 50, trafiki kajibanza chini ya mwembe na tochi ya kupima spidi. Raha ya sekunde tano, halafu faini 30,000. Mwenzie anachezea gia ya pili tu na trafiki anampungia mkono.

Kibuyu_Tanga:
Mrejesho: leo kaomba ajaribu. Ana futi sita na ushee. Magoti yakabana kwenye usukani, klachi haikanyagiki, akashuka bila hata kuwasha. Kibajaji bado anakiita kibajaji.