Vitamini D kwa siku: jua, omena, matone au vidonge?

mama_Nyalenda
Hamjambo wote. Nyumbani kuna mtoto wa miezi 3 anayenyonya, mimi ninayeshinda ofisini, na mama mkwe wa miaka 74. Kemisti ana matone, vidonge vya IU 1,000 (IU ni kizio cha kupimia vitamini) na vile vikubwa vya IU 50,000. Majirani wanasema jua la Kisumu latosha. Kila mmoja wetu anahitaji kiasi gani?

mfamasia_Kondele
Dada, mikrogramu 1 ni sawa na IU 40, kwa hiyo usishtuke pakiti zikiandika tofauti. Kwa miongozo ya Marekani, mtoto chini ya mwaka 1 anahitaji IU 400 kwa siku, wewe unayenyonyesha IU 600, na aliyepita miaka 70 IU 800. Hesabu hiyo ni ya mtu anayepata jua kidogo.

Mtoto mpe matone, maana maziwa ya mama yana vitamini D kidogo mno. Ila tafadhali soma chupa! Nyingine zina IU 400 kwa tone moja, nyingine IU 400 kwa mililita nzima. Ukijaza mililita nzima ya ile ya tone moja, umempa dozi zaidi ya 20 kwa mkupuo. Kikomo cha umri wake ni IU 1,000 kwa siku.

lishe_Nakuru
Kwa mtu mzima anayetembea nje, jua ndilo la kwanza. Lakini mionzi inayohitajika haipenyi kioo, kwa hiyo kukaa karibu na dirisha la ofisi hakusaidii. Jua la saa moja asubuhi pia ni la kuota tu. Tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko kimo chako, mionzi ipo. Toka mikono ikiwa wazi. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi. Mtoto mchanga usimwanike kwenye jua hilo kali.

Omena, wale dagaa wa ziwani, msiidharau. Huliwa na mifupa yake, hivyo huleta kalsiamu. Mtoto anayeishi kwa uji wa mahindi mtupu anaweza kupata matege kwa kukosa kalsiamu hata jua likiwa tele, na matone pekee hayatamponya.

msomaji_Kakamega
Na kile cha 50,000 mara moja kwa wiki? Si ndicho nafuu?

mfamasia_Kondele
Hicho ni cha tiba, baada ya kupimwa damu. Ukigawa kwa siku 7 unapata zaidi ya IU 7,000 kila siku, na kikomo cha mtu mzima asiye chini ya daktari ni 4,000. Hatari kubwa ni mtu kukimeza kila siku: kalsiamu hupanda damuni, aanze kiu, kutapika, kufunga choo, hata mawe ya figo.

Mama mkwe mpe kile cha 1,000, akimeze na chakula chenye mafuta. Kama ana ugonjwa wa figo, amwone daktari kwanza. Na mkipima damu, angalieni kizio kilichoandikwa kwenye majibu: 20 kwa ng/ml ni 50 kwa nmol/l.