Nataka kumjengea mama chumba uani Malindi. Nianzie wapi?

Mtu_wa_Maweni: Asalaam alaykum wadau. Mama ana miaka 76, magoti yamemchosha, na kule Mambrui amebaki peke yake. Nataka nimjengee chumba na choo chake uani kwangu, kati ya kisima na ukuta wa jirani. Fundi asema niezeke makuti, ndugu yangu asema mabati. Nyumba ni yangu, ardhi nalipia kodi kila mwezi.

Fundi_Barani: Waalaykum salaam. Kabla ya makuti na mabati, mwone mwenye ardhi. Nyumba bila ardhi ina mambo yake: banda la makuti wengi huliridhia, lakini ukianza msingi wa mawe yuaona wataka kujimilikisha. Chukua ruhusa ya maandishi, si ya maneno ya kwenye kahawa. Ramani nayo ipitie kaunti.

Hapo "kati ya kisima na ukuta" ndipo paliponishtua. Shimo la choo utalichimba wapi? Mawe yetu ya matumbawe yana matundu, uchafu hauchujiki, unateremka hadi kwenye maji. Hushauriwa mita 30 kutoka kisimani. Uwanja huo unazo?

Mtu_wa_Maweni: Hata 10 sidhani.

Bi_Mkomani: Shukuru uko Malindi. Huku Lamu mji wa kale ni urithi wa dunia tangu 2001, kujenga lazima watu wa Makumbusho waridhie kwanza. Swali langu: mama mwenyewe umemuuliza? Mtu aliyezoea kukaa barazani akaamkuana na wapita njia, umpeleke nyuma akatazame ukuta? Mpe chumba cha mbele. Vijana ndio waende uani.

Fundi_Barani: Bi kasema. Na chumba cha vijana hakihitaji choo, kwa hivyo kisima kimesalimika. Makuti yatosha, ila jiko lisikaribie. Pesa iliyobaki itie kwenye choo cha ndani: cha kukaa, kizingiti kiondolewe, mlango sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite siku kikihitajika. Sakafu isiwe ya vigae vya kung'aa. Vishikio vya ukutani viwe vya chuma kisichoshika kutu. Chumvi ya hapa haina huruma.

Bi_Mkomani: Na chini ya bomba mjengee kibao cha simiti, akae akitia udhu. Kuinama na magoti hayo ndiko kunakoangusha wazee.

Mtu_wa_Maweni: Ahsanteni sana. Mwenye ardhi nitamwona Ijumaa baada ya swala. Kijana wangu wa kidato cha nne kasikia habari, tayari yuko uani apima kitanda.

Fundi_Barani: Mwambie usiku mlango wa nyumba hufungwa saa nne.